Pikipiki ya Baba Watoto na Miaka ya Kungojea Viza



Tangu tulipofika Liège, hapa Ubelgiji, dada wengi wa Goma wananiuliza jambo moja. Bwana ametangulia Ulaya, anasema karatasi ziko karibu kutoka, sasa mama anaandika: "Niuze vitu vya nyumba? Niache biashara? Nitoe watoto masomoni?" Nimejibu mmoja mmoja kwa simu mpaka mdomo umechoka. Leo najibu wote pamoja, na nitajibu kwa habari ya pikipiki yetu.

Bwana yangu aliondoka mwaka wa 2017. Alituacha Ndosho: mimi, watoto watatu, na mama yake aliyelala chumba cha mbele. Alituacha pia na pikipiki TVS nyekundu aliyokuwa akiendea kazini. Alisema tutamfuata baada ya miezi sita. Miezi sita hiyo ilizaa miaka miwili na zaidi.

Juma la tatu tu, mashemeji walikuja wawili, wakaketi kwenye barza. Mkubwa akasema, "Shemeji, pikipiki ya ndugu yetu haiwezi kulala bure. Tutaipeleka kwa motari mmoja, ilete franga kila siku." Nikauliza franga hizo zitaingia mkono wa nani. Wakaangaliana. Mama mkwe alikuwa ndani akichambua sombe. Akatoka na sinia mkononi, akawaambia wanawe, "Na kesho asubuhi nani atapeleka wajukuu wangu masomoni? Ninyi?" Wakanywa chai, wakaenda. Mama akanigeukia: "Binti yangu, umesikia nilivyosema. Sasa ujifunze kuiendesha, wasiniite mwongo."

Nilikuwa na miaka 36, sijawahi kushika usukani wa kitu chochote. Kijana jirani, motari, alinifundisha kila siku ya Mungu asubuhi kwenye uwanja wa mpira, mbele watu hawajatoka misa. Juma la kwanza hakuniruhusu hata kuwasha. Nilisukuma tu, ili nijue uzito wake. Kisha akanifundisha ambreyaji kwa mkono wa kushoto, vitesi kwa mguu wa kushoto, na freni zote mbili pamoja, kwani ukibana ya mbele peke yake juu ya changarawe, utakumbatia mawe. Na mawe ya Goma mnayajua. Ni ya Nyiragongo, meusi na makali, yanakata pine na magoti vilevile. Yale ya Januari 2002 yalifunika katikati ya mji, na mpaka leo tunajenga na kutembea juu yake.

Watu walisema. Kwenye njia ya kisima nilisikia, "Bwana ameenda, bibi amekuwa mwanaume." Wengine walicheka suruali niliyovaa chini ya kikwembe. Nilivaa vile kwa sababu nimeona kikwembe cha mama mmoja kikishikwa na mnyororo, naye akavutwa mpaka chini. Tangu hapo, kila mwanamke niliyembeba nilimwambia: funga kikwembe juu ya magoti, usikae upande, shuka kwa mkono wa kushoto, kwani bomba la moshi liko kuume. Angalieni miguu ya wamama wetu: alama ya kuungua iko karibu sikuzote kwenye mguu wa kuume.

Siku zetu zilikuwa hivi. Saa kumi na moja za asubuhi binti mkubwa anaamka nami. Yeye anawasha makala, mimi naleta bidoni mbili za maji. Saa kumi na mbili na nusu napeleka wawili wa kwanza, narudi, nachukua mdogo. Safari mbili, hata nikichelewa. Watu husema watatu wanaenea, na kweli wanaenea, lakini kaske zilikuwa mbili, na sikutaka kuchagua mtoto gani kichwa chake kibaki wazi. Kisha nashuka Kituku kununua sambaza, nazipeleka soko la Virunga mbele jua halijakuwa kali. Zamani nililipa motari kwa watoto na kwa sambaza, na nusu ya faida ilibaki barabarani. Sasa nililipa esansi tu, kwa kadafi wa pembeni, chupa moja moja.

Kile nilichookoa hakikuonekana, kwani ni franga 500 hapa na 500 pale. Nikaziweka kando kila jioni katika kopo la maziwa, na siku ya posho nikapeleka katika likelemba yetu ya wamama kumi na wawili. Wamama, sikilizeni vizuri hapa. Viza ya kumfuata bwana tuliiomba kwenye ubalozi, Kinshasa. Kutoka Goma hatukuweza kwenda Kinshasa kwa barabara na watoto, ilikuwa ni ndege. Kuna pia hati za kuzaliwa za kutafuta kwenye tribinali, na mihuri, na picha. Bwana alituma alichoweza, lakini Ulaya naye alikuwa akilipa nyumba. Zamu yangu ya likelemba ndiyo iliyolipa tiketi za kwanza. Kama ningeuza pikipiki mwaka wa 2017, tungekula ile pesa kwa miezi mitatu, na Kinshasa ingebaki jina.

Lakini si pesa peke yake. Usiku mmoja wa mwaka wa 2018 mdogo wetu alishikwa na homa kali, saa tatu usiku akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yakageuka. Nyakati hizo usalama ulikuwa mbaya, wamotari walikuwa wamekwisha kulala, simu niliyopiga haikujibiwa. Mama mkwe alimfunga mtoto mgongoni, akapanda nyuma yangu. Yeye ambaye hakuwahi kupanda pikipiki maishani. Njia nzima nilisikia akiomba sikioni mwangu, na mikono yake imenikaza tumboni mpaka pumzi ikapungua. Muganga alisema ni malaria iliyofika kichwani, na kwamba tumekuja kwa wakati. Asubuhi mtoto aliomba uji. Mama mkwe akaniambia, "Hata viza isipokuja, mimi nimekwisha kuona kazi yake," akionyesha pikipiki, si mimi. Tukacheka, kisha tukalia.

Mwaka wa 2019, mwezi wa Julai, Ebola ilifika Goma. Tuliwekewa ndoo za maji ya klorini kila mahali, na watu wakaogopa kaske ya motari ambayo vichwa ishirini vimeivaa. Sisi kaske zetu zilikuwa zetu. Watoto walinawa mikono kwenye mlango wa masomo, wananipungia, wanaingia. Siku hizo ndizo wanazokumbuka hapa Liège. Ukiwauliza kuhusu ndege, wanasema ilikuwa na baridi. Ukiwauliza kuhusu pikipiki, wanagombana ni nani aliyekuwa akikaa mbele.

Viza ilitoka mwisho wa mwaka huo, na Januari 2020 tuliondoka. Pikipiki sikuiuza. Nilimpa mdogo wangu, aendelee na sambaza, kwa masharti kwamba kila mwezi alete franga za dawa za presha kwa mama mkwe, ambaye alikataa kuondoka kwake. Tuliandika karatasi mbele ya mkubwa wa avenii, nikatia sahihi mimi mwenyewe, bwana akikubali kwa simu. Shemeji mmoja aliuliza kama sahihi ya mwanamke inatosha. Inatosha. Sheria ya jamaa ya nchi yetu iligeuzwa tarehe 15 Julai 2016, na ile ruhusa ya bwana ambayo bibi alilazimishwa kuomba mbele ya kutia sahihi iliondolewa. Mali ya nyumba mpatane nayo wawili, ndiyo. Lakini hakuna anayeweza kukuambia kwamba mkono wako hauandiki.

Basi, dada zangu, jibu langu ni hili. Usitoe mtoto masomoni kwa ahadi ya viza. Mwaka uliopotea haurudishwi na ndege. Usiuze chombo cha kazi mpaka viza iwe imegongwa katika paspoti, na hata hapo, fikiri nani anabaki. Ukiwa na kitu cha bwana usichojua kukitumia, iwe pikipiki, cherehani au shamba, tafuta mtu akufundishe juma hili. Na bwana akituma ujumbe "jitayarisheni", mjibu kwamba mnajitayarisha, huku mkiendelea kuishi. Watoto hawajui kwamba wanangojea. Wao wanakua tu.

Hapa ninapanda basi kama watu wote. Barabara ni laini, hakuna jiwe. Mama mkwe ananipigia kila siku ya Mungu baada ya misa. Kwanza anauliza wajukuu. Pili anauliza bwana. Tatu ananipa habari ya pikipiki: juzi imebadilishwa mnyororo, na mdogo wangu sasa anafundisha wasichana wawili wa jirani pale uwanjani. Karatasi za mmoja wao, anasema, ziko karibu kutoka.