Ukuta Uliokwisha Kunywa

Tembo alikuwa hatua 30 mbele yangu, katikati ya mahindi ya watu wa Ulaya, na bunduki yangu ikasema "tk", basi.

Wasioijua Kilosa hucheka wakisikia jina hilo. Ulaya yetu iko kwenye njia ya vumbi itokayo Kilosa mjini kuelekea Mikumi. Sisi askari wa wanyamapori tulikuwa tukitaniana kwamba serikali imetupeleka Ulaya mara nyingi kuliko mabalozi, na kila safari tunarudi na matope hadi magotini. Usiku ule utani ulinikauka mdomoni. Nilikuwa nimebeba bunduki ya 458, ile ambayo kichwa cha risasi yake peke yake kina uzito wa gramu 32, na wanakijiji waliokuwa nyuma yangu na mienge na madebe walidhani wamesimama nyuma ya ngome. Nikavuta bolti, risasi iliyogoma ikaangukia matutani, nikasukuma nyingine na kuielekeza juu. Hiyo ikalia. Tembo akapiga masikio, akageuka, akarudi zake upande wa hifadhi akiburuta nusu ya uzio wa mtu.

Nilipapasa udongo kwa tochi hadi nikaiokota ile iliyogoma. Asubuhi yake nilipanda gari la mkaa hadi mjini kuikabidhi. Mtunza ghala wetu alikuwa mzee mfupi, mpole, mwenye ukucha mrefu wa kidole gumba. Nilitarajia aniulize kama niliogopa, au kama nililenga vizuri. Aliigeuzageuza ile risasi karibu na dirisha, akaona kutu ya kijani iliyoizunguka shaba, akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, hizi zililala wapi?"

Zililala uvunguni mwa kitanda changu. Nilikuwa nimepangiwa kukaa kijijini mwezi mzima wa masika kulinda mashamba, nikapewa risasi 10, nami nikazifunga kwenye mfuko wa rambo, nikazitia katika sanduku la bati na kulisukuma hadi likagusa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tope, na ulitoa jasho kila mvua ilipopiga. Betri za redio yangu nilizianika juani kila asubuhi ili zisiishe nguvu. Risasi za serikali, ambazo roho yangu ilizitegemea, nilizilaza mahali ambapo nisingethubutu kuweka hata unga.

Mzee hakuniandikia barua ya onyo. Aliniomba nimsaidie kuhamisha ghala. Wakati huo niliona ni adhabu. Mimi nilisomea Pasiansi, Mwanza, nilijifunza kufuata nyayo na kulala porini, sikujifunza kubeba makreti. Nilikuja kukaa na kazi hiyo maisha yangu yote.

Kulikuwa na vyumba viwili vitupu. Cha chini kilikuwa karibu na barabara: kipana, kina mlango mzuri na sakafu laini. Cha juu kilikuwa kidogo, cha giza, kimejificha nyuma kwenye mwinuko, na kila kreti ingebidi ibebwe kwa mgongo. Kijana yeyote angechagua cha chini, nami nilisema hivyo. Mzee akaingia, akachuchumaa, akakwangua chokaa kwa ule ukucha wake, usawa wa kiuno. Chokaa nyeupe ikamwagika, na chini yake ukajitokeza mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa rula, ukazunguka chumba kizima.

"Ukuta huu umekwisha kunywa," akasema. "Na aliyekunywa mara moja anajua njia ya kilabuni."

Kilosa ni mji uliokaa miguuni pa milima, na Mto Mkondoa unapita kando yake kama mpangaji asiyelipa kodi. Hatukuweka kitu chini. Tulibeba kreti hadi juu.

Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba chumba cha risasi ni ugomvi wa moto na maji, na mtunzaji ni msuluhishi. Ukikimbia unyevu unajikuta umesogelea joto. Ukikimbia joto unajikuta kwenye ubaridi wa ukungu. Unyevu huila shaba na kuifisha fataki iliyo kwenye kitako cha risasi; joto huizeesha baruti kabla ya siku zake. Chumba cha juu kilikuwa na paa la mabati matupu, na saa nane mchana ndani yake ungeweza kuoka mkate. Kwa hiyo kazi ya kwanza ikawa dari. Tulipigilia mbao, tukaacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Karibu na dari tukatoboa matundu mawili, moja kila upande, tukayaziba kwa nondo na wavu mwembamba, hewa ipite lakini mkono na panya wasipite.

Kisha vichaga. Hakuna kreti iliyogusa sakafu, na hakuna iliyogusa ukuta. Mzee alipima nafasi kwa mkono wake mwenyewe: ngumi na tochi vipite nyuma, umwone mchwa kabla hajakuona. Kila kreti ikaandikwa kwa rangi nyeupe siku iliyoingia, na zilizotangulia kuingia zikawekwa mbele ili zitangulie kutoka. Bunduki zikapewa chumba chao na risasi chumba chao, maana mwizi akipata moja asipate ya pili. Mlango ukawa na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, na hakuna siku mmoja aliingia bila mwenzake. Chemli haikuvuka kizingiti. Ndoo za mchanga zikakaa nje, na kila mwaka kabla ya Agosti, majani yanapokauka na watu kuanza kuchoma mashamba, tulilima ukanda wa udongo mtupu kuzunguka jengo.

Nilidhani hayo ni maarifa ya ofisini, hadi nilipomkuta babu mmoja upande wa milima ya Vidunda. Kilikuwa kipindi cha msamaha, cha kuwataka watu wasalimishe silaha wasizozimiliki kihalali, nasi tulipita vijijini kukusanya magobore. Babu alilitoa lake bila ubishi. Lilikuwa na mtutu mrefu wa bomba na kitako cha mti kilichong'aa kwa miaka ya jasho. Nilipompa mkono, nikahisi vidole viwili tu na gumba.

"Shikamoo, babu. Vingine viko wapi?"

"Marahaba. Njoo nikuonyeshe vilipobaki."

Akanipeleka jikoni. Juu ya mafiga kulikuwa na dari la fito lililokuwa jeusi kwa masizi, pale ambapo kila nyumba ya huko huning'iniza mahindi ya mbegu ili moshi uwafukuze fukusi. Pale ndipo alipokuwa akitunza kibuyu chake cha baruti, na chini yake, kwenye kigoda, ndipo alipokuwa akishindilia gobore. Alichagua mahali pakavu kuliko pote nyumbani, na kwa hilo hakukosea. Alikuwa anautazama unyevu peke yake, cheche ikamjia kwa nyuma. Paa lilishaezekwa upya, vidole haviezekwi.

Miaka kadhaa baadaye mgeni mmoja mwindaji alinieleza kwamba kwao Marekani watu wengi hujaza maganda ya risasi wenyewe, nyumbani, kwenye meza ndogo, na ni jambo la kawaida tu. Nikamuuliza wanachaguaje chumba. Akasema: pasiwe jikoni, pasiwe karibu na kitu chenye moto, pasiwe penye unyevu, mlango ufungwe watoto wasiingie, na mtu asiongeleshwe anapohesabu. Nilicheka, akadhani namdharau. Kumbe nilikuwa namwona babu wa Vidunda kwenye kigoda chake. Kwetu sheria haiachi nafasi hiyo: kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya 1991, imelikazia. Lakini moto na maji havisomi sheria ya nchi yoyote.

Mwaka 2009 vilikuja vyote viwili. Tarehe 29 Aprili redio ilitangaza kwamba maghala ya silaha ya jeshi yamelipuka Mbagala, Dar es Salaam, na watu wamekufa majumbani mwao. Sisi tulikuwa na risasi, si mabomu. Ghala letu lote lisingejaza kona moja ya ghala la jeshi. Hata hivyo mchana ule nilipanda juu na mwenzangu, tukafungua kufuli mbili, nikasimama ndani nikisikiliza. Sijui nilitaka kusikia nini. Niligusa kila kreti kwa kiganja, kama mama anavyogusa mtoto mwenye homa. Tarehe 16 Februari 2011, Gongo la Mboto ilipolipuka nayo, nilirudia vilevile.

Kati ya mioto hiyo miwili yalikuja maji. Mwisho wa Desemba 2009 Mkondoa uliruka tuta na kuingia mjini. Maelfu ya watu waliishia kwenye mahema. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Kilosa mwaka 1909, ilitimiza miaka 100 ikiwa imeng'olewa na kuning'inia hewani upande wa Gulwe. Nilipofika kazini kwa kupita nyuma, mlimani, chumba cha chini kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na viti vilikuwa vinaelea. Chumba cha juu kilikuwa kikavu. Mchwa walikuwa wamekimbilia huko, na nyoka mmoja, niliwaelewa.

Maji yalipokauka niliingia chumba cha chini. Mzee alikwisha kustaafu zamani, na nyumba yake ilikuwa Berega, mbali na haya. Mstari mpya ulikuwa ukutani, na bado una unyevu. Nikachuchumaa, nikakwangua chokaa kwa ukucha kutafuta ule wa kwanza. Mistari hiyo ilitofautiana kwa upana wa vidole vitatu.

Adui wa tatu hanyeshi wala hawaki. Anahesabu vibaya. Kila risasi iliyotoka kwangu ilirudi nzima, au lilirudi ganda lake. Mwaka mmoja kijana wetu alirudi kutoka kufukuza tembo na risasi saba na maganda mawili, na alikuwa ametoka na 10. Tulirudi naye shambani. Tulichambua matuta hadi jua likatuchoma shingo, nami nikaanza kumtazama kijana kwa jicho baya, maana risasi moja ya 458 ina mnunuzi anayejua thamani ya pembe. Adhuhuri tukasikia filimbi, kali na ndefu. Mtoto wa miaka mitano hivi alikuwa ameketi chini ya mwembe na ganda letu mdomoni, analipuliza. Mama yake alipotuona tunakimbia nusura azimie.

"Samahani afande, aliliokota alfajiri. Analipenda sana."

Nikampa mtoto peremende, akanipa ganda. Yule kijana hakunisemesha siku tatu, na alikuwa na haki.

Siku hizi tembo hufukuzwa zaidi kwa mabomu baridi, na pilipili, na mizinga ya nyuki inayotundikwa kwenye uzio. Wenzetu wa uhifadhi wameingizwa kwenye mfumo wa kijeshi, wanavaa vyeo mabegani. Nilipostaafu na kuhamia Mikumi, karibu na barabara kuu ya Iringa ambako malori hayalali, aliyenipokea ghala alikuwa binti wa miaka 26, mkakamavu, mwenye simu inayojua kila kitu. Tulihesabu siku mbili. Hesabu ilikubali. Kilichobaki ni kukabidhiana rejista, za sasa na zilizofungwa.

Alifunua ile ya zamani kuliko zote, karatasi zimekuwa za rangi ya ugali wa muhogo. Kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja ulioandikwa kwa mwandiko wa mzee: risasi 1, haikulia, Ulaya. Mbele yake kulikuwa na sahihi yangu, ya kijana asiyejua lolote.

"Hii ilikuwaje, mzee?"

Nilikuwa na majibu mengi: masika, kijiji, sanduku bovu. Miaka yote hiyo ilinitosha kutafuta kisingizio.

"Niliilaza uvunguni mwa kitanda changu," nikasema. "Kitanda kiligusa ukuta."

Hakucheka. Aliweka rejista mezani, akapitisha mkono nyuma ya vichaga, akagusa ukuta.