Kapolowe: mashua ya kukaa vizuri na kurudi nyumbani



Kama unakaa Likasi, Kambove ao Lubumbashi, pengine umekwisha kupita Kapolowe mara nyingi bila kushuka. Umenunua samaki kando ya barabara, ukalipa, ukaendelea na safari. Mwezi huu tunakuomba ushuke pamoja nasi. Twende mpaka ku misheni, twende mpaka pale matete yanapoanza, tuone ziwa. Tena tuone mashua moja ndogo yenye kutufundisha maneno mengi.

Ziwa hili ni Tshangalele. Halikuwa pale toka zamani za mababu. Watu walifunga mto Lufira ku Mwadingusha, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kutoa umeme kwa viwanda vya shaba vya Likasi, mji ambao uliitwa Jadotville. Maji yakarudi nyuma, yakafunika bonde. Hivi sisi watu wa migodi tunaweza kusema kwamba ziwa hili ni mtoto wa shaba. Umeme ulikwenda Likasi, samaki wakabaki Kapolowe.

Maji yake si ya kina kirefu. Mahali pengi mlobaji anasukuma bwato kwa upondo tu, na upondo unagusa chini. Kando kando kuna matete na mafunjo, na ndani yake ndege wengi sana. Mmoja ni mdogo, wa rangi ya manjano, mwenye kufuma kiota kama kitunga. Wenye elimu ya ndege wanamwita Ploceus ruweti. Walimkamata mara ya kwanza hapahapa mwaka 1960, wakampa jina lake mwaka 1982. Mwaka 2017 bonde la Lufira liliandikwa katika orodha ya Ramsar, ndiyo orodha ya dunia yote ya mahali pa maji penye kustahili kulindwa. Na sisi tunapita pale tukitazama upande wa barabara tu!

Sasa tuje kwa mashua.

Walobaji wengi wa hapa wanatumia bwato la mti. Lakini tulimkuta mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa mgodi, mwenye mashua ya aluminiumu. Aliinunua kuukuu. Urefu wake ni kama meta 4, na uzito wake ni kama kilo 70. Haina motere. Mzee ana mgongo wenye kuuma, sababu ya kuinama miaka mingi chini ya ardhi. Alitaka kitu chepesi cha kuvuta mpaka ku maji bila kuita kijiji chote.

Aluminiumu ina mazuri yake. Uzito wake ni kama sehemu moja ya tatu ya uzito wa chuma. Haioti kutu nyekundu, haiozi, mchwa hawaili. Lakini ina mabaya yake vilevile. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, ukikaa juu yake ni kama kukaa juu ya barafu. Saa sita jua likiwaka, inachoma. Ukiangusha kafi ndani, inalia kama ngoma, samaki wote wanakimbia. Na ikijaa maji inazama, kwa maana aluminiumu yenyewe haielei kama mti.

Basi mzee akaanza kuitengeneza. Alitumia vitu alivyovijua: waya ya shaba ya kufunga kiti, bulo za shaba ya manjano, na mbao za mti wa zamani wa umeme, zile zenye dawa ya kijani ya kufukuza mchwa. Kazi ilionekana nzuri. Majirani walimsifu. Yeye mwenyewe alifurahi, akamchukua mjukuu wake, binti wa miaka tisa, amsaidie kutoa nyavu.

Miezi ikapita. Siku moja, mbali na kando, mtoto akasema: “Nkambo, miguu yangu inalowana.”

Mzee akainua ubao. Chini yake akakuta unga mweupe, na katikati ya unga tundu la ukubwa wa kidole. Maji yalikuwa yanapanda. Akalisokota shati lake, akalisukumiza ndani ya tundu, akamwambia mtoto atoe maji kwa kopo, naye akasukuma upondo kwa nguvu zote mpaka wakaingia katika matete. Wakashuka, wakatembea katika matope mpaka kijiji. Hakuna aliyekufa. Lakini mama mwenye nyumba, alipoona mtoto anatetemeka, alisema neno moja tu:

“Mutoto hataingiya tena mu ile sufuria yako.”

Mashua ikalala kichwa chini nyuma ya nyumba, muda wa mvua yote.

Msomaji mpendwa, ni nini ilitoboa mashua? Si jiwe, si mti. Ni shaba. Vyuma viwili vya namna mbalimbali vikigusana ndani ya maji, vinafanya kazi kama betri ya rajo, na chuma kimoja kinakula kingine. Shaba na aluminiumu vikikutana, aluminiumu ndiyo inayoliwa. Na dawa ile ya kijani ya mbao, mara nyingi ina shaba ndani yake. Mzee alikuwa amefunga mwizi watatu ndani ya nyumba yake: waya, bulo na mbao.

“Miye nilizani shaba iko rafiki ya kila kitu,” alituambia akicheka, lakini si kicheko cha furaha. “Nilifanya kazi yake miaka makumi mbili na nane. Sikujua asema mu mai iko mwizi.”

Mvua ilipokwisha alianza tena, na safari hii aliuliza kwanza. Akapata fundi mwenye kujua aluminiumu, akaziba tundu kwa kipande cha aluminiumu hiyohiyo na riveti za aluminiumu. Akatupa shaba yote. Mahali panapoomba bulo aliweka za inoksi, na kati ya bulo na mashua aliweka kipande cha mpira wa tairi la ndani, kusudi visigusane.

Kisha akamwita mama mwenye nyumba, akamwambia: “Njoo ukae. Uniambie nini inakosa.” Mashua ilikuwa ingali juu ya udongo, nyuma ya nyumba. Mama akaingia, akakaa, akasema mambo yake moja kwa moja. Haya tunakuandikia ni maneno yake zaidi kuliko ya mzee.

Kwanza, sakafu. Mbao nyembamba, kavu, zisizo na dawa, zimepigiliwa pamoja kama kitanda cha fito, zimelazwa tu chini bila kutoboa mashua. Miguu inakaa pakavu, kelele inapungua. Na kila jumamosi sakafu inatolewa, mashua inaoshwa kwa maji ya kisima, chini yote inatazamwa. Unga mweupe ukionekana, mashua haiendi.

Pili, kiti. Kina mgongo wa ubao wa kuegemea, na juu yake vipande vya godoro vilivyoshonewa ndani ya bashi, kusudi visinyonye maji. Lakini kiti kiko chini, hakikuinuliwa. Mama alitaka kirefu kama kile cha sebuleni. Mzee akakataa, na hapa alikuwa na haki: mtu akikaa juu, mashua inayumba haraka. Raha ya mgongo isiwe hatari ya roho.

Tatu, bidoni. Chini ya viti, mbele na nyuma, amefunga bidoni 4 za lita 20, tupu, zenye vifuniko vya kukaza sana. Kila moja inasukuma juu karibu kilo 20. Mashua ikijaa maji sasa, haitakwenda chini. Watu wataishika mpaka msaada ufike.

Ine, kivuli. Kitambaa juu ya fito nne fupi, kinafungwa kwa fundo la kufungua kwa mkono mmoja. Upepo ukianza, kinashuka mara moja, maana kitambaa ndani ya upepo ni tanga usilolitaka.

Tano, kila kitu na mahali pake. Samaki katikati, ndani ya beseni yenye kitambaa cha maji. Kopo la kutoa maji limefungwa kwa kamba, lisipotee siku ya shida. Ncha zote zenye kushika wavu zimefunikwa kwa mpira. Na mzigo usipite kipimo: ukingo wa mashua ubaki juu ya maji urefu kama toka kiwiko mpaka kiganja.

Sita, jile ya kuelea kwa mtoto. Mama alisema jile inunuliwe mbele ya kiti. Ilinunuliwa mbele ya kiti.

Kuna neno moja tena. Mto Panda unatoka Likasi, unapita karibu na viwanda, na maji yake yanaingia Lufira. Wachunguzi waliopima samaki wa ziwa hili wamekuta ndani yao shaba, kobalti na vyuma vingine. Ndiyo maana mzee hatupi wavu upande ule. “Shaba ilikula mashua yangu,” anasema, “haifai ikule na bajukuu.” Tukuulize, ndugu, wewe unayefanya kazi ku kiwanda: maji machafu ya kazi yako yanakwenda wapi? Si swali la wakubwa peke yao.

Siku ile tulipowatembelea, mama mwenye nyumba aliingia wa kwanza. Akaegemea, akanyoosha miguu, akafunua kitunga chake cha mihogo. Mtoto akakaa katikati na jile yake, mzee akashika upondo. Tulikwenda polepole kando ya matete, bila kelele, na ndege hawakuruka. Mzee alituambia kwamba zamani alikuwa anarudi saa nne ya asubuhi, sababu mgongo ulikuwa unamshinda. Sasa anaweza kukaa mpaka wavu umalize kazi yake. Watoto wanakula, na wanaobaki wanauzwa.

Wengine watasema: mlobaji anataka mto wa kuegemea kufanya nini, si ni uvivu? Tusome vizuri Injili ya Marko, sura ya 4. Hata ndani ya mashua ile ya ziwa la Galilaya, siku ya zoruba, kulikuwa na mto wa kichwa, na Bwana Yesu aliulalia. Kupumzika si zambi. Lakini kila kitu tunachoongeza, ndani ya mashua ao ndani ya nyumba, tukiulize kwanza: kinatusaidia kurudi salama na wale tuliotoka nao? Kama hapana, hata kikiwa cha kungaa kama shaba, tukiache ku kando.

Safari ingine ukipita Kapolowe, shuka.