Chumba cha Vitabu Nansio

Katika hotuba yake ya kufunga mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alizitaja wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha: Tanga, Masasi, Mafia, Kilimanjaro, Pare na Ukerewe. Nilikuwa mdogo mno kuielewa hotuba hiyo, lakini jioni za Nansio, kwetu Ukerewe, zilibadilika machoni pangu. Akina mama waliozoea kutoka shamba na kuingia jikoni moja kwa moja sasa walipitia darasani kwanza, daftari limefichwa ndani ya kanga, na sisi watoto tukaachiwa kulinda moto.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa wanakisomo hao. Tangu mwaka 1968 mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ilikuwa na mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, na makao yake yalikuwa Mwanza. Waliouendesha walikuwa na akili ya kuona kwamba mtu mzima hajifunzi herufi kwa ajili ya herufi. Vitabu vikafuata kazi za watu: cha pamba kwa wakulima wa pamba, cha uvuvi kwa wavuvi, cha migomba, cha ng'ombe, cha uchumi wa nyumbani. Ndiyo maana kiliitwa kisomo chenye manufaa. Shangazi alisoma kwa sauti, kidole kikitambaa chini ya mstari, na akikwama aliniita nikae karibu. "Mwanangu, hebu tazama hapa, wamesemaje?" Nikimjibu upesi mno alinikataza. Alitaka tulitafute neno pamoja.

Msimu wa pamba ulipofika, alikwenda kwenye mizani akasoma mwenyewe kilo zake kwenye stakabadhi, akahesabu fedha zake, kisha akatia saini mahali alipozoea kuweka dole gumba. Aliporudi nyumbani hakusema mengi. Stakabadhi hiyo ilikaa ndani ya sanduku lake la nguo miaka mingi.

Aliyekwisha kujua kusoma anahitaji kitu cha kusoma, la sivyo herufi humtoka. Serikali ya wakati ule ililijua hilo, na hapo ndipo zilipotoka maktaba za vijiji, ambazo Sweden nayo ilizichangia fedha. Ya kwetu ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, kabati la mbao lenye kufuli, meza moja na mabenchi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ndiye aliyeshika ufunguo. Alifungua alasiri, baada ya masomo, akalitandaza mezani daftari la kuazima: jina, kitabu, tarehe, saini. Watu walipanga foleni wakiwa bado na magamba ya samaki mikononi, na mwalimu akawatuma ziwani kunawa kabla ya kugusa kurasa. Nao walikwenda, wakarudi, wakapanga foleni upya.

Nakumbuka harufu ya chumba kile, karatasi mpya na mafuta ya taa. Kulikuwa na vitabu vya malezi ya watoto, vya ufugaji wa kuku, vya siasa na vya hadithi. Vya hadithi vilichakaa kwanza. Mwaka 1973 ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vilikaa kuizunguka redio, kijitabu cha kampeni mkononi, na baada ya kipindi watu wakatoka kuchimba vyoo. Mwaka uliofuata gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianza kutolewa Mwanza, likatufikia kwa meli. Mwaloni, wavuvi wakishona nyavu, mmoja alilisoma kwa sauti na wengine wakamkosoa akiruka mstari. Nchi nzima, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1975 walibaki asilimia 39. Mimi takwimu hizo nazisoma nikimwona shangazi na foleni ile.

Chumba kile hakikujitokeza chenyewe. Enzi za wakoloni, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilituma masanduku ya vitabu na kuazimisha kwa posta. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ikaunda bodi ya maktaba yetu wenyewe. Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Na sheria mpya ya mwaka 1975 ikaipa Bodi ya Huduma za Maktaba kazi ya kuanzisha maktaba, kusaidia kisomo na kuikuza fasihi ya Watanzania. Yote hayo yalitegemea ruzuku ya Hazina, na Hazina ilipokauka tulijua hata sisi wa kisiwani. Vita vya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni, uhaba wa karatasi: gazeti likaanza kuchelewa, kisha likakosekana. Vitabu vipya havikuja. Mchwa wakaingia kabatini, mwalimu akahamishwa, na chumba kikawa ghala la mbegu. Kitabu cha mwisho alichoazima shangazi hakikurudishwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kukipokea.

Miaka ya themanini nilikuwa nasoma Mwanza mjini, na katika maktaba ya mkoa nikakutana na majuzuu mawili ya kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alikuwa mtu wa kwetu Ukerewe. Alikikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, mwishowe akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Nilikisoma pale, kwenye meza ya maktaba, nikiyaona mashamba yetu, mitego yetu, adabu za wakwe zetu, na nikalia. Mwandishi Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, naye alikuwa wa kisiwa hiki, na riwaya yake Rosa Mistika ya mwaka 1971 imeanzia huku huku. Ilinibidi nivuke maji kwenda kuwasoma majirani zangu.

Vitabu vya msaada kutoka Uingereza vimesaidia maktaba zetu kwa miaka mingi, na nawashukuru wanaovituma. Lakini vingi ni vya Kiingereza, na hakuna mfadhili wa mbali atakayemchagulia mvuvi wa Nansio kitabu anachokihitaji. Hiyo ni kazi ya kodi yetu. Nimeona majengo ya maktaba yakizinduliwa kwa utepe na makabati yake yakabaki yaleyale miaka kumi. Jengo bila fungu la vitabu vipya halifanyi kazi ile niliyoiona utotoni.

Waheshimiwa madiwani wa Ukerewe, mnapokaa kupitisha makisio ya mwaka, wekeni kasma ya kununua vitabu na magazeti ya Kiswahili, ya kila mwaka, isiyohamishiwa kwingine, pamoja na mshahara wa mtu wa kushika ufunguo. Anzeni na vya Kitereza na Kezilahabi, nakala za kutosha kila kata, na kisiwa cha Ukara nacho kisisahauliwe.