Daftari la Mama wa Uzamili

Katika chumba cha East Africana, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilizisoma mwaka 1996 karatasi za Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Wanafunzi wa historia walizikusanya mwaka 1968 na 1969. Walirudi makwao wakati wa likizo, wakaketi na wazee walioiona vita ya 1905 kwa macho yao, wakaandika waliyosimuliwa. Majina ya vijana wale yapo juu ya kila simulizi. Walimu waliousimamia mradi, John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanajulikana kwa kila anayesoma historia ya nchi hii, na Gwassa mwenyewe alipata uzamivu wake hapo hapo Mlimani mwaka 1973 kwa kuichunguza vita hiyo. Lakini karatasi zile zimechapwa kwa taipureta, na jina la mchapaji sikuliona popote. Kuna mtu aliyepokea madaftari yaliyoandikwa magotini, yenye majina ya vijiji vya Umatumbi na Ungoni, akayasoma neno kwa neno na kuyageuza kuwa kitu ambacho mimi, karibu miaka thelathini baadaye, ningeweza kukinukuu.

Nilimwambia hayo mzee aliyekuwa akituletea majalada pale East Africana. Alivaa koti la kijivu na alitembea polepole. Akanijibu, "Aliyechapa ndiye aliyesoma kabla yenu wote." Kisha akaenda kuniletea jalada jingine ambalo sikuwa nimeliomba, nalo ndilo lililonifaa zaidi wiki ile.

Miaka niliyokaa Mlimani ilinikutanisha na maprofesa wakubwa, nami nawashukuru. Ila nikiulizwa nani alinifikisha mwisho, anayenijia kwanza ni mama mmoja wa ofisi ya masomo ya uzamili. Jina lake silitaji kwa kuwa hakupenda kutajwa. Sisi tulimwita Mama wa Uzamili. Kwa cheo alikuwa karani. Alikuwa na miwani yenye kamba shingoni, khanga mgongoni mwa kiti kwa ajili ya asubuhi za baridi ya Julai, na chupa ya chai ambayo mgeni yeyote aliyekaa zaidi ya dakika kumi alimiminiwa bila kuulizwa.

Mara ya kwanza nilikwenda kwake kuomba barua ya utafiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii, historia. Nakwenda Kilwa, upande wa Kipatimu. Msimamizi amenipangia nianze Machi."

Alivua miwani. "Machi? Rufiji haisomi pendekezo la utafiti, mwanangu."

Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, gari la kwenda kusini lilivuka mto kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakishika, maji yalifunika bonde, barabara ikakatika, malori yakapanga foleni huku mizigo ikioza. Mama wa Uzamili alikuwa hajawahi kuvuka Rufiji. Barabara za nchi hii alizijua kwa kusoma barua za kuomba kuongezewa muda. Mwanafunzi aliyekwama Ndundu aliandika kueleza, na aliyekosa boti ya Mafia naye akaandika. Barua hizo kwa wengine zilikuwa visingizio vya kuwekwa kwenye faili. Yeye alizisoma zote na kuzikumbuka, hata akawa na ramani kichwani ya wapi hapaendeki mwezi gani. Nilikwenda Juni. Njia ilikuwa kavu, na wazee wa Matumbi walikuwa wamemaliza mavuno, wana nafasi ya kuzungumza juu ya pamba ambayo babu zao walilazimishwa kuilima na Wajerumani, na ambayo waliing'oa Julai 1905.

Barua yenyewe nayo ilikuwa elimu. Mtafiti anaanzia mkoani, anashuka wilayani, kisha katani, kisha kijijini, na kila ngazi inataka nakala yake. Kwa mtu wa Kipatimu hapo pana taabu, maana Kilwa imo katika Mkoa wa Lindi, na ukitoka Dar es Salaam unaifikia Kilwa kabla ya Lindi mjini. Ukifuata utaratibu unalipita eneo lako la utafiti, unasafiri hadi Lindi kugongewa muhuri, halafu unageuza. Kwa posho ya mwanafunzi, ile tuliyoiita bumu, hiyo ilikuwa pesa ya wiki nzima. Mama alizituma nakala Lindi kwa posta mapema, na barua fupi ya kuwaomba waiandikie wilaya. Nilipofika Kilwa Masoko nilikuta jina langu linasubiriwa. Alikuwa pia ameniwekea nakala za ziada kwenye bahasha, akanionya nisimwachie mtu yeyote ile halisi, hata akiniita ndugu.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ndani ya kaunta buku nene lenye jalada jekundu. Faili rasmi zilikaa masjala, na daftari hili lilikuwa lake mwenyewe. Kila mwanafunzi wa uzamili na uzamivu alikuwa na mstari: jina, kitivo, msimamizi, tarehe ya kujisajili, tarehe aliyoonekana ofisini mara ya mwisho. Pembeni kulikuwa na safu isiyo na kichwa, iliyoandikwa kwa penseli. Nilipata kuiona siku moja aliponiomba nimsaidie kusoma mwandiko wake mwenyewe, macho yakiwa yamemchoka. "Mke kajifungua." "Baba mgonjwa, Bukoba." "Anafundisha tuisheni jioni, asiitwe baada ya saa tisa." "Hasemi na msimamizi." Hiyo ya mwisho ilikuwa imepigiwa mstari.

Nimekaa na wanafunzi wa shahada za juu maisha yangu yote ya kazi, na ninaamini hivi: wachache sana huangushwa na ugumu wa somo. Wengi huangushwa na ukimya. Msimamizi anasafiri na sura ya tatu ya tasnifu inabaki mezani kwake. Mwanafunzi anaona haya kukumbushia, miezi inapita, haya inageuka woga, na woga unamfanya apite njia ya nyuma asikutane na mwalimu wake. Hakuna kikao kinachomfukuza. Anapotea tu, na ukiuliza unaambiwa alikuwa kijana mzuri. Mama wa Uzamili aliliona hilo likianza, kwa kuwa alikuwa na tarehe. Mtu akipitisha muhula hajaonekana, alimtafuta.

Tasnifu yangu mwenyewe ilipelekwa kwa mtahini wa nje, katika chuo kimoja ng'ambo, na jibu halikuja. Kwa hali kama hiyo Mama alikuwa na barua za daraja tatu. Ya kwanza ilikuwa ya salamu, ikimtakia mtahini afya njema na kumuuliza kama kifurushi kimemfikia. Ya pili ilitaja tarehe. Ya tatu ilimshukuru na kumwarifu kwamba chuo kinafikiria kumpunguzia mzigo kwa kuteua mtahini mwingine. Hii ilihitaji saini ya mkurugenzi na ujasiri wa karani, kwa maana mkurugenzi na mtahini wanaweza kuwa marafiki wa zamani. Aliipeleka isainiwe asubuhi, kabla bosi hajapata wageni. Ripoti yangu ilikuja kwa faksi ndani ya mwezi.

Kulikuwa na mwenzetu, mwalimu wa sekondari kutoka Tukuyu, aliyerudi kwao kujifungua akiwa na data zake zote za utafiti kwenye sanduku la bati. Mihula ikapita. Muda wake wa usajili ulikuwa karibu kwisha. Simu hazikuwa mkononi mwa kila mtu wakati ule, kwa hiyo Mama alimtafuta mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyekuwa akienda Mbeya likizo, akampa bahasha. Ndani aliweka fomu ya kuomba kuongezewa muda, imejazwa kila kitu isipokuwa saini, na kipande cha karatasi chenye maneno machache: mtoto si kosa, njoo naye. Alikuja naye, pamoja na mdogo wake wa kumlea. Mama alikuwa ameshawatafutia chumba Changanyikeni, kwa mjane aliyemfahamu kanisani. Mwenzetu huyo alimaliza, na leo ana wanafunzi wake wa uzamivu.

Kundi lililonishangaza zaidi kumwona akilihangaikia lilikuwa la watafiti waliokwisha kupata uzamivu. Walikuja kwa mwaka mmoja au miwili, wengine Watanzania waliorudi kutoka Ulaya kwa mkataba wa mradi, wengine wageni. Hawakuwa wanafunzi, kwa hiyo hawakuwa na bweni wala chama, na hawakuwa wahadhiri, kwa hiyo hawakuwa na ofisi wala kura kikaoni. Mtu akishaitwa daktari hudhaniwa hana shida. Mama aliwaita wageni wa katikati. Aliwaombea meza maktabani, aliwaandikia barua za ukaazi, na aliwauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyewauliza: mkataba ukiisha unakwenda wapi? Nilimwona msomi mmoja mtu mzima akishindwa kulijibu, akainamia kikombe cha chai. Wiki ile Mama alizunguka idarani kuuliza nani anahitaji mtu wa kufundisha kozi ya mbinu za utafiti.

Taipisti wetu sitamwacha. Miaka ya tisini mgawo wa umeme ulirudi kila maji ya bwawa la Mtera yalipopungua, naye alipanga kazi zetu kwa ratiba ya umeme, wengine tasnifu zao zikichapwa saa nane za usiku. Kila sura aliihifadhi kwenye disketi mbili, moja akaondoka nayo nyumbani. Alisoma alichokuwa akichapa. Aliwahi kumuuliza mwenzangu kwa nini mzee yule yule ana umri wa miaka sabini ukurasa huu na themanini na mbili ukurasa ule.

Mama alistaafu wakati kumbukumbu zinahamishiwa kwenye kompyuta. Nimefanya kazi baadaye katika vyuo zaidi ya kimoja, na mifumo ya siku hizi ina mengi mema: mwanafunzi anaiona safari ya tasnifu yake bila kupanda ngazi za ofisi. Mfumo unajua tarehe kuliko daftari lolote. Ukimya wa mtu unauonyesha kwa rangi nyekundu, lakini rangi hiyo haimtumii bahasha Tukuyu. Mahali ilipokuwa safu ya penseli pana kisanduku cha "maelezo mengine", na mara nyingi nakikuta kitupu, kwa sababu aliyepaswa kukijaza amepewa wanafunzi wengi mno na hajaambiwa kwamba kuwajua ni sehemu ya kazi yake.

Kwa hiyo kila tunapojadili maendeleo ya wanafunzi wa shahada za juu, mimi huomba jambo moja. Karani wa uzamili aitwe kikaoni, si kuja kugawa makabrasha na kutoka, bali aketi mezani pamoja nasi kwa kila jina linalotajwa. Na tukifika kwenye jina la aliyepotea, aanze yeye kusema, kabla ya msimamizi.