Dizaina Bila Kaunta Buku ni Kibarua Tu!

KWETU Nyakasimbi, wilayani Karagwe, ukisema wewe ni mwalimu watu wanakuelewa. Ukisema ni muuguzi, dereva au mnunuzi wa kahawa, wanakuelewa pia. Sasa jaribu kusema wewe ni dizaina uone! Likizo moja baba yangu mdogo aliniuliza mbele ya wageni, "Kwa hiyo mwanangu, huko Dar wanakulipa kwa kuchora tu?" Nikachukua paketi ya unga iliyokuwa pale mezani, nikamwambia haya maandishi na hii picha ya muhindi, kuna mtu alikaa siku kadhaa akavipanga. Mzee akaigeuza ile paketi juu, chini, ubavuni, halafu akauliza swali ambalo sisi wa mjini hatulipendi: "Na jina lake liko wapi?"

Halipo, ndugu msomaji. La mwenye unga lipo, namba ya simu ipo, hata jina la mji lipo. La aliyechora halipo. Ndiyo kazi yetu ilivyo na mimi sinung'uniki, paketi ya unga si ukuta wa maonyesho. Balaa linaanza pale jina lako linapokosekana kwenye kazi na likakosekana kila mahali pengine.

Mnamkumbuka Mzee Ngosha? Jina lake kamili Francis Maige Kanyasu. Mwaka 2017 Watanzania walimwona akiwa mgonjwa na fukara huko Buguruni, Dar es Salaam, mzee aliyesema ndiye aliyeichora Nembo ya Taifa, ile tunayoiita Bibi na Bwana, yenye ngao, mwenge, pembe za ndovu na Mlima Kilimanjaro. Alipelekwa hospitali, akafariki Mei mwaka huohuo. Wapo wanaomtaja mtu mwingine, Jeremiah Kabati, kuwa ndiye mchoraji. Mimi sina ubavu wa kuamua nani mkweli. Ninachojua ni kwamba nembo hiyo imo kwenye pasipoti zetu na kwenye barua za serikali, na bado watu wanabishana ni mkono wa nani ulioshika penseli.

Wenzetu wafanyabiashara hilo walilishtukia zamani. Angalia kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Mwenyewe aliweka alama yake palepale kwenye kitambaa, "K.H.E. Mali ya Abdulla", na hadi leo akina mama wanaitafuta alama hiyo kabla ya kutoa hela. Lakini muulize mama yeyote nani alichora ile korosho ya kwenye pindo. Atakutazama kama umechanganyikiwa.

Mimi bahati yangu nilifundwa mapema, tena na mtu ambaye hakuwahi kuona kompyuta. Miaka ya tisini nilikuwa nakwenda likizo kwa shangazi pale Omurushaka, na jirani yake alikuwa fundi wa kuandika mabango ukutani. KINYOZI, DUKA LA REJAREJA, HOTELI, karibu yote ya mtaa ule yalikuwa ya mkono wake. Nikawa nambebea makopo ya rangi. Bwana wee, yule mzee alikuwa na adabu ya kazi! Kwanza alipima ukuta kwa hatua na kwa kamba. Kisha alipaka uzi chaki, tunaushika huku na huku, anauvuta na kuuachia, paa! mstari umenyooka. Halafu akahesabu herufi za neno zima na kutafuta ya katikati, akaanzia hapo kwenda pande mbili. "M ni mnene," alikuwa akiniambia, "I ni mwembamba. Ukiwapa nafasi sawa, mmoja atabanwa na mwingine ataelea." Nilikuja kukaa darasani mjini baadaye, mwalimu akatumia wiki mbili kutufundisha jambo hilohilo.

Lakini kilichonikaa zaidi ni kaunta buku lake. Kila kazi aliiandika: tarehe, jina la mwenye duka, urefu wa ukuta, rangi gani na makopo mangapi, bei, kilicholipwa na kilichobaki. Chini mteja anaweka sahihi au dole gumba. Siku moja mwenye duka akagoma kulipa, eti alitaka maandishi ya kijani na amepata ya buluu. Fundi hakupandisha sauti. "Mzee wangu, tusome wote hapa," akafungua ukurasa. Buluu. Sahihi hii hapa. Jamaa akacheka kwa aibu, na kwa kuwa hela taslimu hakuwa nayo akatoa mkungu wa ndizi. Mnajua fundi alifanya nini? Akauandika na mkungu!

Tabia hiyo nimekuja nayo Dar es Salaam, na imeniokoa. Kuna kampuni moja (jina nalihifadhi) iliniomba nembo ya chupa ya maji. Nikawapelekea, wakasema haikuwafaa, asante sana, tutakutafuta. Miezi minne baadaye niko kwenye daladala, mchuuzi kaja dirishani na maji... mchoro wangu huo hapo! Wamebadili rangi tu. Wakati huo nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba na mdogo wangu alikuwa karibu kurudishwa nyumbani kwa ada. Usingizi ulinikimbia.

Sikwenda kugombana. Nilibeba faili. Bosi akasema amechorewa na kijana wao wa ndani, nami nikamtandikia mezani karatasi 14 za penseli, kila moja na tarehe chini, kuanzia mchoro wa kwanza mbovu kabisa hadi wa mwisho. Tone la maji kwenye nembo lilikuwa limepinda kidogo kushoto kwa sababu niliukunja mkia wake kwa kufuata kizibo cha soda, na kizibo chenyewe alama yake ilikuwa kwenye karatasi ya tisa. Nikaomba huyo kijana naye alete karatasi zake. Kimya. Wiki iliyofuata nililipwa laki nane, yote.

Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Mchoro wako unalindwa tangu ulipouchora, hata kabla ya kuusajili. Ila ukifika mbele ya watu unaulizwa ushahidi, na hapo ndipo mafundi wengi wa kompyuta wanapotoa macho. Wanafuta kila hatua, wanabaki na picha moja ya mwisho ambayo hata mwizi anayo!

Ndiyo maana saa ya kwanza ya asubuhi yangu haina simu wala kompyuta, ni penseli na karatasi. Mgao wa umeme wa mwaka 2023 ulipowaweka washikaji kijiweni kutwa nzima, mimi nilikuwa nachora. Kazi haianzi bila nusu ya malipo mkononi, hata mteja awe mjomba (akiwa mjomba ndiyo kabisa!). Namuuliza kitu hiki kitakaa wapi: ukutani, mfukoni au kwenye simu? Nembo inayopendeza kwenye bango la barabarani inaweza kuwa doa kwenye kalamu. Na rangi siidhinishi kwa kutazama kioo, maana kioo kinatumia mwanga mwekundu, kijani na buluu, wakati mtambo wa kuchapia unatumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Ule ung'avu wa skrini wino hauufikii. Nachapa nakala moja, mteja anaisaini, inaingia kwenye faili.

Marekebisho ni matatu, yamo ndani ya bei. La nne linalipiwa. Mwanzoni wateja walininunia, wakaniita Mhaya wa kujisikia (mimi ni Mnyambo, lakini huko Dar nani anajali), siku hizi wanauliza wenyewe, "Hili ni la ngapi?"

Sasa hivi naandika haya na simu inaita. Ni bwana harusi wa Tabata. Kadi zake alishazisaini juzi, leo anataka maua yaongezwe na jina la mama mkwe litangulie. Ngoja nifungue kaunta buku... ndiyo, ni la nne.