Kijiti karibu na jicho

Siku moja nilianguka kutoka mwembe ambao baba alitukataza kuupanda. Kijiti kikanichoma juu ya jicho. Kidonda kilikuwa kidogo, kikafunga upesi. Nyumbani nilisema, "Nimejikwaa tu."

Baada ya majuma mawili kope likavimba, likatoka usaha. Mganga akapiga picha ya mifupa, asione kitu. Akaniuliza, "Mwanangu, uliumia namna gani?" Baba alikuwa karibu. Nikatazama chini, nikasema kweli.

Mganga akasema, "Picha hii huonyesha mfupa na chuma, mti mara nyingi hauonekani." Akanilaza kwa dawa, akapasua, akatoa kipande cha mti. Jicho likapona. Baba hakunipiga.

Watoto, mkichomwa karibu na jicho, msisugue wala msivute kitu. Nendeni kwa mganga, mwambieni yote.