Kupima Bitana ya Mfarishi

Katika soko la Shinyanga, na la Geita vilevile, mafundi wa cherehani hubakiza vipande vya vitenge kila siku, na akina mama wajuao sindano huvikusanya wakashona mfarishi wa viraka. Ni nguo njema kwa usiku wa Juni na Julai, ambao katika Usukuma una baridi kuliko wageni wadhanivyo. Uso wake hautaki fedha nyingi, maana viraka aghalabu hupatikana bure. Fedha hutoka kwa ajili ya bitana, yaani kitambaa kizima cha upande wa chini, na hapo ndipo sisi tufundishao ushonaji tuonapo hasara: fedha iliyotoka katika pamba ya mwaka mzima huishia katika kitambaa kilichopungua shibiri moja, nacho kikiisha kukatwa mwenye duka hakipokei tena.

Ajabu ni kwamba katika nchi hii hii dhahabu hupimwa kwa mizani hata sehemu ndogo za gramu, wala hakuna akubaliye kuiuza kwa kukadiria kwa jicho. Kitambaa je? Wazee walikuwa na kanuni yao. Katika karne ya 19, misafara iliyopita Unyamwezi ilihesabu mikono 4 kuwa shuka, na mikono 8 kuwa doti, yaani karibu yadi 4. Twaitaja kwa kuwa itatufaa mbele kidogo.

Tuchukue mfarishi wenye upana wa sentimita 150 na urefu wa 200. Bitana iliyo sawa na uso haitoshi, maana sindano ipitapo katika matabaka matatu huivuta nguo na kuisogeza. Yapasa izidi sentimita 10 kila upande. Basi twahitaji 170 kwa 220. Kitenge kina upana wa kama sentimita 115 (kipime mwenyewe, usisadiki maneno ya mwuzaji). Vipande viwili vikiunganishwa, na mshono ukiisha kula sentimita 3, twapata 227.

Wengi huvilaza vipande hivyo kwa urefu wa mfarishi: 220 mara mbili, yaani mita 4 na sentimita 40. Lakini vikigeuzwa vikalala kwa upana wake, kila kimoja chahitaji 170 tu, na jumla ni mita 3 na sentimita 40. Mita nzima imeokolewa kwa kugeuza tu! Nayo doti ile ya wazee, ambayo ni kama mita 3 na sentimita 66, yatosha na kubaki. Ila kitenge chenye picha za ndege wasimamao hakifai kugeuzwa hivi, ndege wote watalala ubavu.

Iko hatari moja. Tulitaka 220, tumepata 227. Akiba ni sentimita 7 tu. Nguo ya pamba hupungua ifuliwapo, na upana ukipungua zaidi ya sehemu 3 katika mia, akiba hiyo imekwisha. Kwa hiyo kitenge na kifuliwe, kikaushwe, ndipo kipimwe. Kikiwa kimepungua mno, hapana haja ya kurudi dukani: shona ukanda wa viraka katikati ya vipande viwili. Wako wanaoupenda ukanda huo kuliko uso wenyewe.

Kitambaa kipana cha mashuka, chenye upana wa sentimita 240, hakina haja ya mshono. Kikigeuzwa, mita 1 na sentimita 80 zatosha, pamoja na fungu la kupungua. Basi bei hulinganishwa hivi: mita moja ya kitambaa kipana ikiwa haizidi bei ya mita mbili za kitenge, kipana ni nafuu, au tofauti yake ni ndogo. Sisi twakipenda, kwa kuwa sindano hupita kwa taabu penye mshono mnene. Lakini mwenye fedha chache asione haya kununua kitenge.

Ile ziada ya sentimita 10 isitupwe. Ushonaji ukiisha, hukatwa ibaki sentimita 4 pande zote, ikakunjwa mara mbili kuja juu ya uso, ikashonwa kuwa ukingo, wala hakinunuliwi kitambaa kingine.